Aliyemwaga Tanuri

Katika kiwanda cha chupa palikuwa na mtu aliyeitwa Redio, na aliitwa hivyo kwa sababu hakuwa akisema. Jina alipewa siku yake ya pili kazini, akiwa kijana wa miaka ishirini na mbili. Fundi mkuu alimuuliza swali mbele ya watu, naye akatikisa kichwa tu, jasho likimtiririka shingoni. "Redio ya huyu imekwisha betri," mtu mmoja akasema. Watu wakacheka, na jina likamng'ang'ania kama lami kwenye kiatu. Miaka thelathini baadaye hata mkewe, akipandwa na hasira, alimwita hivyo.

Kazi yake ilikuwa kulea moto. Tanuri la kioo si jiko, useme utaliwasha asubuhi na kulizima jioni. Mchanga, magadi na vipande vya chupa mbovu huingia upande mmoja, moto wa mafuta mazito huvipiga kutoka juu, na upande wa pili hutoka kioo kilichoyeyuka, kinashuka polepole kama asali kuingia kwenye mashine za kuumbia chupa. Ndani ya tanuri hubaki kioo tani thelathini wakati wote. Moto ukizimika kioo hicho kingali humo, kinaganda, kinashikana na matofali, vyote vinakuwa jiwe moja. Hapo tanuri limekufa. Halifufuki kwa nyundo wala kwa dua. Kilichobaki ni kulivunja, na kujenga jingine ni kazi ya matajiri, si ya watu wa kawaida. Kwa hiyo iwe sikukuu, uwe msiba, mvua inyeshe au isinyeshe, lazima pawe na mtu mbele yake.

Mtu huyo alikuwa Redio, akipokezana zamu na mwenzake mfupi aliyeitwa Kisoda. Redio alichungulia kwenye tundu dogo kupitia kipande cha kioo cheusi, na kwa rangi tu alijua joto. Kipimo cha ukutani alikitazama baadaye, kama mtu anayesahihisha daftari la mwanafunzi.

Kila alfajiri alipanda ngazi ya tangi la mafuta, akazamisha fimbo ndefu yenye alama, akaitoa, akahesabu alama zilizolowa. Kisha aliandika idadi kwa chaki kwenye ubao mweusi uliotundikwa kando ya mlango. Saa mbili karani wa mafuta alipita na kikombe chake cha chai, akasoma ubao, akaenda kupiga simu, na gari la mafuta likaja. Tangu tanuri lijengwe upya ilikuwa miaka kumi na mmoja, na katika miaka hiyo watu hao wawili huenda hawakuzungumza maneno ishirini, lakini mafuta hayakukosekana hata siku moja. Ubao ndio uliokuwa mdomo wa Redio, na ulimtosha.

Basi Jumatatu moja likabandikwa tangazo getini kwamba kiwanda kitafungwa mwisho wa mwezi. Mashine sita za kuumbia chupa zingehamishiwa nchi nyingine. Masanduku makubwa ya mbao ya kuzipakia yalikuwa yameshafika, yamepangwa uani, mapya, yakinuka mbao mbichi. Wafanyakazi walisoma tangazo, wakayatazama masanduku, na zamu ya mchana ilipokwisha hakuna aliyetoka. Waliokuwa wakiingia waliingia, waliopaswa kutoka walibaki. Geti likafungwa kwa mnyororo kutoka ndani.

Aliyewaongoza alikuwa shemeji yake Redio, mdogo kabisa wa mkewe, fundi wa mashine na mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi pale. Redio mwenyewe ndiye aliyempeleka ofisini kuombewa kazi zamani hizo, akiwa amemshika mkono kama mtoto anayepelekwa kudungwa sindano. Sasa shemeji huyo alisimama juu ya rundo la maboksi katika ukumbi wa kufungashia, sauti yake ikisikika hadi bohari.

"Hatutoki!" alisema. "Na hakitoki kitu, na hakiingii kitu! Si gari, si baiskeli, si paka!"

"Na panya je?" akauliza mama mmoja wa kufungasha.

"Panya waliomo ni wanachama, dada. Wameshalipa ada kwa kutafuna maboksi."

Watu mia mbili wakacheka. Ndipo Redio, aliyesimama nyuma kabisa karibu na mlango, alipoinua mkono nusu. Yeye peke yake, pamoja na Kisoda aliyekuwa zamu, alijua kwamba huwezi kusema hakiingii kitu mahali penye tanuri. Asubuhi ile fimbo ilikuwa imelowa alama kumi na moja, na tanuri lilikula alama mbili kwa siku.

Shemeji yake aliuona mkono. "Kimya jamani, kimya! Redio inataka kusoma taarifa ya habari!"

Kicheko kilichofuata hakikuwa cha ubaya. Walikuwa watu wenye hofu waliopata upenyo wa kucheka. Lakini masikio ya Redio yaliwaka moto, na ule mkono ukaenda kukuna shingo. "Endeleeni tu," akasema, na hakuna aliyemsikia.

Akajifariji njiani akirudi kwenye tanuri. Nitaandika, alijiambia. Kila mtu anapita pale.

Na kweli walipita. Ukumbi wa tanuri ndio ulikuwa na joto, kwa hiyo watu walileta sufuria zao kuchemshia maji kando ya matofali, wakaanika nguo, wakalala chini kwenye maboksi yaliyokunjuliwa. Siku ya pili Redio aliandika tisa. Watu wakapita. Siku ya tatu aliandika saba, na kabla ya adhuhuri mtu alitundika shati bichi juu ya ubao. Redio alilitoa, akalianika vizuri kwenye kamba lisije likakunjamana, kisha akaiandika saba upya, kubwa kama kichwa cha mtoto. Siku ya nne aliandika tano kwa chaki nyekundu na kuipigia mistari mitatu chini. Shemeji yake alipita mbele yake na birika la chai, akamgusa bega. "Uko imara, shemeji?" Redio akaitikia kwa kichwa, akageuza macho kuelekea ubaoni ili na mwenzake atazame huko. Mwenzake alikuwa ameshapita.

Mchana huo mkewe alikuja kwenye uzio wa nyuma na chakula, kama wake wengine. Nyumba yao ya vyumba viwili ilikuwa mtaa wa pili, na kwa siku zote hizo mama huyo alikuwa akitazama moshi wa kiwanda akijua kuwa mumewe yupo na ni mzima.

"Mbona macho yamekuingia ndani?" akamuuliza, akipitisha kopo katikati ya waya.

"Mafuta. Yamebaki alama tano."

"Umemwambia ndugu yangu?"

"Nimeandika."

"Umeandika wapi?"

"Ubaoni."

Mkewe alishika waya. Alikuwa mke wa mtu huyu miaka ishirini na sita na alimjua kama anavyoujua mkono wake. "Baba watoto," akasema polepole, "ule ubao ni wa karani. Na karani yuko wapi?"

Redio aligeuka. Alitazama ng'ambo ya barabara, kwenye baraza la duka, walikokuwa wamesimama watu wa ofisini waliofungiwa nje. Karani wa mafuta alikuwa miongoni mwao, kikombe mkononi, akiutazama moshi wa kiwanda kama mtu anayetazama mpira wa timu asiyoishabikia. Siku nne alikuwa akimwandikia mtu aliye nje.

"Ungesema," mkewe akanong'ona. "Neno moja tu, baba."

Alienda moja kwa moja kwa shemeji yake, akamkuta akinyoa ndevu kwenye kioo cha choo cha wanaume. Akamwambia yote kwa mkupuo: alama, siku, kioo kitakavyoganda. Povu likamkauka shemeji mtu usoni.

"Siku nne! Shemeji, siku nne unakaa na neno hili tumboni kama mimba?"

"Niliinua mkono."

"Ulijikuna!"

Simu ikapigwa kwa tajiri mwenye kiwanda. Jibu lilikuja kabla chai haijapoa: mafuta yapo, gari lipo, geti lifunguliwe na watu wote watoke, ndipo litakapoingia. Vinginevyo, shauri yao.

Kikaitwa kikao. Safari hii Redio alisukumwa mbele, akapandishwa juu ya maboksi, nyuso mia mbili zikamtazama. Hakuwahi kuona nyuso nyingi hivyo kwa pamoja zikimsubiri yeye.

"Tulimwage," akasema.

"Sauti!" wakapiga kelele wa nyuma.

"Tulimwage tanuri. Lina tundu chini. Tukilifungua moto ungali mkali, kioo kitatoka chote. Litabaki tupu, lakini zima. Siku yoyote likiwashwa litawaka. Tukingoja mafuta yaishe..." Hapo akakwama. Kilichobaki ndicho kilichokuwa kikubwa kuliko vyote: kwamba mashine zina masanduku yake uani, ila tanuri halina sanduku, na tajiri hakuwa na haja nalo. Waliokuwa wakilihitaji tanuri lile lipone ni wao tu. Maneno hayo aliyaona kichwani wazi kabisa, yamepangika, na hayakutoka.

Mama wa kufungasha akasimama. "Yaani tulimwage wenyewe? Hicho kioo kikishatoka, tajiri ataogopa nini? Tutakuwa tumekalia nyumba tupu!"

"Ndiyo hoja," shemeji akasema, na sasa hakuwa akitania. "Tanuri ndilo mateka wetu, ndugu zangu. Tajiri gani ataacha mali yake ife? Atalegea. Kesho, keshokutwa, mtaona gari la mafuta linakuja lenyewe. Wanaosema tungoje?"

Mikono ikainuka kama msitu. Redio alishuka maboksini akishika ukuta.

Jioni ile walivunja masanduku ya tajiri, wakayachoma ili kusaidia moto. Waliimba na kucheza, na moshi mweupe ukajaa ukumbi mzima. Redio na Kisoda walilisha mbao wakijua kuwa kuni zinapasha maji tu, kioo haziyeyushi. Hawakumharibia mtu furaha yake.

Siku ya sita asubuhi fimbo ilitoka na alama moja, nayo nusu yake ilikuwa matope. Redio hakuandika. Alichungulia tunduni. Weupe ulikuwa umeshaondoka, kioo kilikuwa cha rangi ya chungwa, na kingoni, karibu na matofali, palikuwa na wekundu uliotulia asioupenda.

Saa nne zikasikika gari za polisi. Walikuja na barua ya mahakama, na watu wote wakakimbilia getini kushikana mikono. Ukumbi ukabaki mtupu, sufuria zikichemka peke yake.

"Leo," Redio akamwambia Kisoda.

"Leo nini?"

"Kesho hakitatoka tena. Kitakuwa kizito."

Kisoda akageukia kelele za getini. Akakaa juu ya ndoo. "Wamepiga kura, Redio. Mia moja na tisini na kitu. Unajua watatuitaje?"

"Najua."

"Mimi nina watoto wanne mtaani humu."

"Wewe kaa. Nitafanya mwenyewe."

"Utafanyaje mwenyewe, mwendawazimu wewe? Mtaimbo unataka watu wawili." Kisoda akainuka, akavuta pumzi. "Haya. Tukifa, tumekufa na kazi yetu."

Walifungua maji kwenye shimo lililo chini ya tanuri, wakavaa glavu ndefu za ngozi na ngao za uso, wakauchukua mtaimbo. Mmoja alishika, mwingine alipiga nyundo. Udongo wa tunduni ulikuwa umeshikana kwa miaka kumi na mmoja. Walipiga, wakapokezana, wakapiga. Mara mtaimbo ukazama, na uzi wa rangi ya chungwa ukachomoza, mwembamba kama kidole, halafu kama mkono, ukaanguka majini. Mvuke ulilipuka hadi kwenye dari.

Kioo kilitoka kwa utulivu uliomshangaza hata yeye. Hakikuwa na haraka. Kilishuka, kikagusa maji, kikapasuka kwa mlio wa mvua ya mawe juu ya bati. Redio alirudi juu, akaongeza moto hadi mwisho, akayateketeza mafuta yote yaliyobaki ili kioo kisizubae njiani. Saa tano, saa sita, saa saba. Alikuwa akilia, lakini ndani ya ngao na kwa jasho lile hata yeye hakuwa na hakika ni yapi machozi.

Mvuke ulionekana getini. Shemeji yake alikuja mbio na watu kama kumi nyuma yake.

"Ziba!" alipiga kelele. "Ziba hilo tundu!"

"Halizibiki," Redio akasema.

"Shemeji, nakuomba. Wako pale getini wanatusukuma, watu wanaangalia moshi huu ndio unawapa moyo. Ziba!"

"Halizibiki, baba. Likishafunguka limefunguka."

Shemeji akamshika kifua cha shati. Walitazamana wamekaribiana, na Redio akaona kuwa kijana yule alikuwa hajalala siku nyingi. Angeweza kumwambia sasa habari ya masanduku. Maneno yalikuwepo. Badala yake akasema, "Tanuri litapona," kwa sauti ndogo, na hilo ndilo lililozidi kumchoma mwenzake.

"Tanuri!" Shemeji akamwachia. "Watu mia mbili, na wewe unaniambia tanuri!" Akatema mate chini, akaondoka. Mmoja wa wale kumi akageuka mlangoni. "Simba mwenda kimya," akasema, "kumbe nyama ni sisi."

Kufikia saa kumi tundu lilikuwa likidondosha matone. Ndani palikuwa patupu, matofali yakiwaka peke yake. Redio na Kisoda waliziba kila upenyo kwa udongo ili joto lishuke polepole, matofali yasipasuke. Na bomba la moshi, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja, halikutoa kitu. Mitaa yote iliona. Wanawake walitoka vibarazani wakatazama juu, wakaanza kutembea kuelekea kiwandani bila kuitana.

Watu walianza kutoka jioni hiyo hiyo, mmoja mmoja, kupitia uzio wa nyuma, polisi wakiwaacha wapite. Kesho yake wakatoka kwa makundi. Siku ya nane shemeji alifungua mnyororo kwa mkono wake, wakiwa wamebaki watu thelathini. Mashine ziliondoka juma lililofuata, zimefungwa kwa maturubai, maana masanduku yalikuwa yamechomwa. Hakuna aliyepata alichokidai.

Je, aliyeuvunja mgomo ni Redio, au ni mafuta, au ni tajiri ambaye hakulegea kwa sababu hakuwa na la kumfanya alegee? Mtaani hawakuwa na shida na swali hilo. Walisema alihongwa. Wengine walikuwa na hakika hata ya bahasha na rangi yake. Kisoda alihama na watoto wake wanne mwezi ule ule bila kuaga. Redio alipita barabarani watu wakanyamaza, na yeye, ambaye maisha yake yote alitamani watu wasimsemeshe, akagundua kwamba kuna kunyamaza kwa aina nyingine. Mkewe hakumlaumu. Alienda kwa mdogo wake Jumapili peke yake, akarudi amevimba macho, akapika. Kuna usiku alisema gizani, "Ningekuwa na mahali pa kusimama kati yenu, ningesimama," na Redio akamfunika shuka.

Mwaka mmoja na nusu ulipita. Ndipo akaja mnunuzi, mtu mgeni, akafungua tanuri, akakuta limesimama. Matofali machache ya juu yalikuwa yamepasuka, yakabadilishwa. Akauliza nani aliyelimwaga kwa ustadi namna ile, akaonyeshwa nyumba. Akamwambia Redio aje, na aje na watu anaowajua, wa zamani, wenye uzoefu.

Redio alienda kwa shemeji yake asubuhi yake. Alimkuta nje ya nyumba amepindua baiskeli ya mtu, anaziba pancha. Hakukaribishwa kiti.

"Linawashwa," Redio akasema. "Wanataka fundi wa mashine mpya. Nimekutaja wewe. Na wa kufungasha, kama arobaini hivi. Nimeomba wachukuliwe wa kwetu kwanza." Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kumtolea mtu yule.

Shemeji aliendelea kusugua mpira kwa msasa. "Ulimwambia hivyo mdomoni, au ulimwandikia?"

"Mdomoni."

"Basi hongera." Akapaka gundi, akaipuliza ikauke. "Ungeyasema maneno mengi hivyo ile siku ya kwanza, shemeji, tungepanga mambo kabla geti halijafungwa. Tungekuwa na mafuta, na tajiri angetukuta na muda. Uliokoa matofali. Sawa. Lakini sisi ulituacha tukisubiri gari ambalo hakuna aliyeliita."

"Nilijua. Na bado najua."

"Basi kajulie huko." Akabandika kiraka, akakikandamiza kwa gumba, akahesabu kimoyomoyo. "Waambie wengine. Watakuja, njaa haina baunsa. Mimi nitabaki na baiskeli."

Redio alisimama kidogo zaidi, akitafuta neno. Mkewe, dada wa huyu fundi, alikuwa nyumbani akingoja jibu la safari hii, na hakujua atampelekea nini. Akaaga. Hakuitikiwa.

Tanuri lililolala baridi haliwashwi kwa pupa. Ukilipa moto mkali siku ya kwanza, matofali yanapasuka yote. Unaanza na moto mdogo kama wa kuchemshia chai, unauacha siku nzima, kesho unauongeza kidole kimoja, keshokutwa kingine, majuma matatu. Majuma hayo hakuna kazi kwa mtu mwingine yeyote kiwandani, ila mlea moto. Redio alikaa kwenye ndoo mbele ya mwali ule mdogo, ukumbi mkubwa ukiwa mtupu nyuma yake, na kila baada ya saa aliinuka, akachungulia kwenye giza la ndani, akakaa tena.